Hesabu ya Mzee Elzie

Tolliver, Mississippi
9 Machi 1983

Kwako mdogo wangu Thurman,

Pokea salamu zangu popote barua hii itakapokukuta, iwe kitandani au kwenye klabu zenu hizo. Natumaini u mzima na baridi ya Chicago haijakumaliza. Huku tu wazima, isipokuwa Baba, na ni kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Alirudi na basi la Jumatano. Nilimkuta kituoni amekaa juu ya sanduku lake, kofia magotini, na gitaa limelazwa chini kama mzigo wa mtu mwingine. Wewe unajua anavyolibeba gitaa lile, kwa mikono miwili. Nikamuuliza, "Baba, Chicago ikoje?" Akasema, "Kuna baridi." Nikamuuliza, "Na kupiga na bendi ya Thurman kulikuwaje?" Akasema, "Thurman anapiga vizuri sana." Basi.

Jumapili nikamwambia ajitayarishe nimpeleke klabuni kwa Pinkston. Utaratibu wetu unaujua: nikitoka kanisani, glovu zangu nyeupe za uhudumu wa mlangoni bado mkononi, namshusha kwenye kona ya kiwanda cha pamba, anatembea mwenyewe hadi klabuni, anapiga kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili, nami namchukua palepale konani. Miaka yote hajakosa Jumapili, ukiondoa ile tuliyomzika Mama. Safari hii alisema hajisikii. Jumapili iliyofuata akasema kuna mvua. Thurman, jua lilikuwa linawaka mpaka kuku wamejificha.

Mlimfanya nini huko? Nani kamuudhi? Niambie ukweli, maana yeye ukimminya hatoi kitu.

Ni mimi dada yako,
Earline


Chicago, Illinois
20 Machi 1983

Dada Earline,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kilinisumbua kidogo lakini sasa nipo kazini. Nafurahi kusikia wewe u mzima.

Hakuna aliyemuudhi Baba, usiwe na wasiwasi. Watu walimpokea vizuri, wengi wao wa kwetu, na mwenye klabu alimpa chakula. Lakini kuna jambo nimekuwa nasita kukuandikia. Alipopanda kupiga nasi, Baba alipotea.

Nikueleze kwa kifupi. Ubeti wa bluzi, muziki wetu huu, una hatua kumi na mbili. Mguu unagonga mara nne kila hatua, na ukimaliza ya kumi na mbili unaanza upya. Wapigaji wote tunakutana hapo, ndiyo maana watu wasiojuana wanaweza kupiga pamoja. Baba alikuwa akifika katikati anasimama, anakaa kama aliyesahau yuko wapi, halafu ghafla anaendelea. Bendi nzima imeshapita, yeye kabaki nyuma. Na ilitokea tena na tena.

Ana miaka sabini na minne, Dada. Tate, mpiga ngoma wetu, mama yake alianza hivyohivyo kwa kusimama katikati ya maneno, akaishia kutowatambua watoto wake. Tafadhali mpeleke kwa daktari wamwangalie kichwa. Nimekutumia kifurushi cha kahawa ile unayoipenda.

Mdogo wako,
Thurman


Tolliver, Mississippi
17 Aprili 1983

Mdogo wangu Thurman,

Salamu kwako, na asante kwa kahawa. Miguu inaniuma lakini nasimama mlangoni mwa kanisa kila Jumapili kama kawaida.

Ulinitia hofu, nikafanya ulivyosema. Nilimdanganya Baba kwamba ni kwa ajili ya presha, nikampeleka mjini kwa daktari. Kijana mstaarabu. Akamuuliza leo ni siku gani. Baba akajibu. Akamuuliza rais ni nani. Baba akamtaja, akaongeza na maoni yake, ambayo sitayaandika hapa. Kisha daktari akamwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka mia moja, akipunguza saba saba. Baba hakumtazama daktari, alinitazama mimi. Akasema, "Daktari, mimi sijawahi kuhesabu hata kwenda mbele. Siku hizi presha inapimwa kwa hesabu?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Daktari amesema kichwa chake ni kizima kuliko vya wengi. Tulipoingia garini Baba akauliza, "Nani kakwambia nimepotea?" Nikazunguka zunguka. Akasema, "Earline, huwezi kudanganya, una uso wa mama yako." Basi nikamwambia ni wewe, kwamba uliona wasiwasi siku ile mlipopiga. Mashamba yote ya pamba yakapita. Halafu akasema, "Kama mtoto anasema nilipotea, basi nilipotea. Yeye ndiye mwenye kazi hiyo."

Tulipofika alilisukuma gitaa chini ya kitanda kwa mguu. Kwa mguu, Thurman. Akanikabidhi na ile kofia yake ya kupigia, eti niipeleke kanisani wampe asiye na kofia. Nimeificha kabatini kwangu. Sasa anashinda barazani, mikono mapajani. Sikujua mikono ile inaweza kutulia, hata mezani ilikuwa haiachi kugonga.

Niandikie upesi. Nahisi hujaniambia yote.

Dada yako,
Earline


Tolliver, Mississippi
22 Mei 1983

Thurman,

Nakusalimu kwa sababu tulilelewa kusalimiana. Tuko salama. Wiki tano sijapata kwako hata kadi.

Juzi nilikwenda kwa Pinkston. Ndiyo, mimi. Sikuingia, nilisimamisha gari nje nikapiga honi mpaka akatoka na aproni yake. "Ee, Sista Earline! Mwisho wa dunia umefika au umepotea njia?" Nikamwambia aache utani, nimekuja kuuliza kama Baba alikuwa anapotea pale kwake akipiga.

Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. "Apotee Mzee Elzie? Dada, tangu nimjue yule hajawahi kupiga hatua kumi na mbili. Atapiga kumi na tatu, atapiga kumi na nne na nusu, siku nyingine kumi na sita. Kwani hujui kwa nini?"

Ningejuaje? Tulipokuwa wadogo Bibi, na ulokole wake, alituapisha mimi na wewe kwamba hatutakanyaga pale, na mimi nimeshika kiapo hadi leo. Pinkston akaingia ndani, akarudi na kaseti ameiandika kwa kalamu: Elzie, Jumapili, 1970. Tukaiweka kwenye redio ya gari, mimi nimekaa kwenye usukani, yeye ameinama dirishani ananukia samaki.

Baba anaimba mstari. Anaurudia. Halafu gitaa linanyamaza, unabaki mguu tu, unagonga polepole. Na kutoka mbali, nyuma ya vyombo na mafuta yanayochemka, nikasikia sauti ya Mama. "Sema tu, Elzie, nakusikia!" Watu wakacheka, gitaa likaingia. Ubeti wa pili akasubiri tena. Safari hii Mama alikuwa anabishana na mtu juu ya mkate wa mahindi, na Baba akasubiri, mguu unagonga, mpaka ugomvi ukaisha na Mama akapaza sauti: "Mwongo mkubwa wewe, lini umelala njaa kwangu?" Na gitaa likaingia.

Tulijua Mama alikuwa mpishi pale. Tulidhani alikuwa anakaanga samaki tu.

Pinkston akaniambia, "Tangu tumzike mama yenu Ozella, kila ubeti bado anamwachia nafasi yake. Anageuza kichwa kwenye kidirisha cha jikoni, anasubiri, ndipo anaendelea. Siku akimkumbuka sana anasubiri zaidi. Na sisi humu tunanyamaza. Hata walevi wananyamaza."

Nililia mle garini mpaka Pinkston akanipa aproni nijifutie. Sasa niambie, Thurman. Baba alipogeuza kichwa akasubiri, huko Chicago, ninyi mlifanya nini?

Earline


Chicago, Illinois
12 Juni 1983

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi afya ninayo, lakini siwezi kusema ni mzima. Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana.

Nilikudanganya niliposema hakuna aliyemuudhi. Ni mimi.

Ilikuwa Jumatatu mchana, klabuni kwa Vernita. Hapa Jumatatu ndiyo siku wapigaji tunapiga kwa starehe zetu, watu wa zamu za kiwandani wanakuja na sahani zao za kuku, klabu ina meza tisa tu na zote zimejaa. Nilikuwa nimejigamba wiki tatu nzima: mngojeni baba yangu aje, nyinyi mtaona bluzi ilikotoka. Alivaa suti ile ya kahawia na kofia yake. Watu walimpigia makofi kabla hajagusa gitaa. Mmoja akapiga kelele, "Mzee, mimi ni wa Belzoni, kwenye mabwawa ya kambare!" Baba akamjibu, "Basi nakudai samaki." Walimpenda, Dada. Alikuwa nao mkononi.

Alipofika mwisho wa mstari wa pili akasimama. Sisi tukageuza noti kwa hesabu yetu, na yeye akabaki kimya katikati ya kishindo, kama mtu aliyevutiwa kiti anapokaa. Akanitazama. Nikamwonyesha kwa vidole: tisa, kumi. Baba yangu aliyenigongelea ukutani mwa nyumba waya wangu wa kwanza wa kujifunzia kupiga, akanishika kidole akanionyesha pa kubonyeza, mimi nikamhesabia vidole mbele ya watu.

Ubeti uliofuata akafumba macho akageuza kichwa pembeni. Upande ule kwa Vernita kuna friji ya barafu tu. Akasubiri. Tate akaanza kucheka nyuma ya ngoma. Mwanamke wa meza ya mbele akasema, "Jamani, babu kasinzia." Na mimi nikaona aibu. Usidhani nilimwonea huruma kwa aibu yake, hapana. Niliona aibu kuwa mtoto wake. Nikaivuta maikrofoni nikasema, "Mvumilieni baba yangu, saa yake bado ni ya Mississippi."

Klabu nzima ilicheka. Ubaya ni kwamba nilifurahi walivyocheka. Na Baba akacheka pia, kwa meno tu. Kuanzia hapo alipiga kwa haraka haraka, anaukimbilia mstari kabla hatujamwacha, anatutazama miguu. Wimbo ulipoisha akasema asanteni, akaenda kukaa karibu na mlango, kofia magotini. Vernita akampelekea kambare wa kukaanga. Akala wote, si unajua hawezi kuacha chakula cha mtu. Njiani kurudi kwangu akaniambia, "Hilo gitaa lako la besi lina sauti nzuri."

Kisha nikakuandikia kwamba ana ugonjwa wa kichwa. Nadhani nilitaka awe mgonjwa, ili mimi nisiwe na kosa.

Tangu nisome habari ya kaseti siwezi kupiga sawasawa. Nikifika ya kumi na mbili mkono unakataa. Nimepata riziki kwa hatua hizo kumi na mbili miaka kumi na sita, na sijawahi hata siku moja kumwona baba yangu akipiga kwenye klabu yake. Hata kwenye mazishi ya Mama nililala usiku mmoja nikaondoka.

Nataka kuja. Sijui nimwombe msamaha kwa maneno gani bila kumwambia kwamba nilimwonea aibu. Na nadhani anajua.

Mdogo wako asiyestahili,
Thurman


Tolliver, Mississippi
3 Julai 1983

Mdogo wangu Thurman,

Salamu. Joto limetukamata lakini tunapumua.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Ningekuwa karibu ningekuzaba kofi, na ukubwa wako huo. Halafu nikajiuliza mimi ni nani wa kumzaba mtu. Ni nani alimpeleka Baba kwa daktari kwa uongo? Na ile kona ya kiwanda cha pamba, umewahi kujiuliza kwa nini namshusha pale? Kutoka pale hadi mlangoni kwa Pinkston ni mwendo wa dakika kumi, kwenye vumbi, na gitaa mkononi. Ni kwa sababu sikutaka akina mama wa uhudumu waone gari langu pale mlangoni. Miaka yote hiyo hajaniuliza hata mara moja. Kwa hiyo tuko wawili.

Nilimwambia Baba kwamba unataka kuja, sikumwambia zaidi. Akauliza, "Anakuja na besi?" Nikasema sijui. Akasema, "Mwambie aje nayo. Tutapiga wote kwa Pinkston." Jioni hiyohiyo nikasikia anavuta kitu chini ya kitanda.

Nilifurahi, lakini sasa kuna jambo jingine silielewi. Hapigi nyimbo zake. Anakaa jikoni chini ya saa ya ukutani, anagonga mguu na kuhesabu kwa sauti, moja mpaka nne, moja mpaka nne, hadi hatua ya kumi na mbili, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akikosea anajitukana, anaanza upya. Jana alikaa hapo mpaka maharage yangu yakaungua maana alinizuia kupita. Nikamuuliza, "Baba, hiki ni nini?" Akasema, "Najifunza kazi."

Njoo. Usimwombe msamaha kwa maneno, atakuaibisha kwa kukwambia hakuna kitu. Wewe njoo tu.

Dada yako,
Earline


Chicago, Illinois
1 Agosti 1983

Dada Earline,

Shikamoo. Nilifika salama, basi lilichelewa kidogo. Ule mkate wa mahindi ulionifungia uliisha kabla hatujafika Memphis.

Jumapili ile ulituuliza garini kulikuwaje, na sisi wote wawili tukajibu "vizuri", tukaangalia madirisha. Ulistahili jibu bora. Nisingeweza kusema Baba akiwa kiti cha mbele.

Ndani kwa Pinkston ni padogo kuliko nilivyowaza. Dari naligusa kwa mkono. Kidirisha cha jikoni kiko kushoto kwa mpigaji, mlango wake wa mbao umeegemezwa kwa chupa. Watu walikuwa bado na nguo za kanisani, Dada, na baadhi yao ni wa kanisa lako, majina sitaji. Baba alikaa kwenye kiti chake akasema, "Huyu ni mwanangu Thurman wa Chicago. Yeye anapiga sawasawa." Mtu mmoja wa kaunta akajibu, "Mzee, una hakika umemzaa wewe? Mbona ana tai?" Wakacheka, nami nikacheka, tukaanza.

Mstari wa kwanza. Mstari wa pili. Nikaona watu wanaweka glasi chini. Pinkston akazima feni. Mpishi, binti mdogo tu ambaye nadhani hakumjua Mama, akainua kijiko chake kutoka kwenye mafuta akakishika hewani. Wote walijua kinachokuja, na mimi nilikuwa nimelegeza mkono, tayari kumsubiri.

Baba hakusimama. Kichwa hakikugeuka. Niliona midomo yake: tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Akageuza noti kwenye hesabu, barabara kabisa, nami nikamfuata kwa sababu mkono wangu umezoea. Watu wakatazamana. Yule binti akarudisha kijiko.

Ubeti wa pili hivyohivyo. Na alipomaliza akanitupia jicho, lile jicho la mtoto anayemwonyesha mwalimu daftari, anataka kujua kama amepata. Hapo ndipo nilipoielewa saa yako ya jikoni. Mzee wa miaka sabini na minne alikaa mwezi mzima akijifunza kuhesabu, akamtoa mke wake kwenye wimbo wake mwenyewe, mbele ya watu waliomjua huyo mke, ili mimi nisimwonee aibu tena. Dada, nimewahi kupigwa maishani, lakini si namna ile.

Ubeti wa tatu, sikugeuza noti. Tulipofika mwisho wa mstari wa pili nilibaki palepale kwenye noti moja, nagonga mguu. Baba akageuza peke yake, gitaa likagongana na besi, ikawa fujo tupu. Yule wa kaunta akapiga kelele, "Chicago hamfundishwi hesabu?" Mwingine akasema, "Mrudisheni darasani!" Kicheko kikazagaa. Baba akanyamazisha gitaa. Sikuwa na ujasiri wa kumtazama, nikageuza kichwa kwenye kidirisha cha jikoni, noti ileile, mguu uleule, nikasubiri.

Wa kwanza kunyamaza walikuwa wale wa karibu na jikoni. Halafu wengine. Ukabaki mguu wangu tu. Kisha nikasikia wa pili, wake, polepole kuliko wangu, nikaufuata. Sijui tulikaa hivyo muda gani, sikuhesabu. Baba akasogeza mdomo kwenye maikrofoni, akasema kwa sauti ya chini:

"Mvumilieni mwanangu. Anamsubiri mama yake."

Hakuna aliyecheka. Akaingia, nami nikaingia naye.

Baada ya hapo alipiga mpaka saa kumi na mbili, na kila ubeti akasubiri anavyotaka yeye. Sikujua atasubiri kiasi gani, ilinibidi nimsikilize kila mara upya. Nilikosea mara nyingi. Watu walinicheka kila nilipokosea na walikuwa na haki.

Sikumwomba msamaha, kama ulivyonishauri. Aibu haijaniisha, Dada, na sina haraka nayo. Juzi kwa Vernita, Tate aliurudia ule utani wa saa ya Mississippi, nikasimama kwenye maikrofoni nikawaambia watu wote nilichokifanya. Haikupendeza. Klabu ilipoa kama matanga, na Vernita akaniambia nisile pale bila kuomba ruhusa ya mzee wangu. Sikubisha.

Tafadhali, barua hii usimsomee Baba.

Mdogo wako,
Thurman


Tolliver, Mississippi
14 Agosti 1983

Mdogo wangu Thurman,

Tunakusalimu sote. Nyanya zimezaa mpaka nagawa kwa majirani, na goti langu limetulia.

Barua yako nilimsomea Baba. Nyamaza, usinipigie kelele. Alikuwa barazani na kofia yake kichwani, ile niliyoificha, tulikuwa tunajiandaa kwenda kwa Pinkston. Siku hizi nasimamisha gari mlangoni kabisa. Jumapili iliyopita Mama Hargrove wa uhudumu alipita akaniona, akapunguza mwendo ili aone vizuri, nikampungia mkono na glovu yangu nyeupe.

Alisikiliza amefumba macho. Pale uliposema ulimwonea aibu sikuruka, nilisoma kama ulivyoandika. Nilipofika pale ulipogeuza kichwa jikoni ukasubiri, akainua mkono nisimame. Alikaa hivyo, mguu unagonga ubao wa baraza. Nilijua anapima.

Kisha akasema nikuandikie hivi, nami naandika alivyosema: "Mwambie Thurman alisubiri mno. Ozella hakuwa mzito wa kujibu kiasi hicho."

Dada yako,
Earline